Katekista wa Didia

Machimbo ya Nyarugusu,
Geita.
2 Mei 1982

Dada yangu mpenzi Generoza, Mama Serafina,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshajibu. Shikamoo pia, maana hata mtu akiwa mashuhuri kama mimi dada yake hubaki dada yake.

Naomba barua hii ikukute umekaa, kwa sababu ni ndefu na magoti yako nayajua. Shemeji Gregory anaendeleaje na kifua chake? Serafina bado anawashinda wavulana hesabu? Na mihogo mwaka huu mmepata, au nguruwe pori wamepata? Mimi ni mzima kupita kiasi. Malaria ilinijaribu mwezi wa tatu, ikakaa siku nne, ikaona hapa hapana faida, ikafunga mizigo. Sukari hatuna, sabuni hatuna, lakini maneno ninayo, na mwenye maneno machimboni hakosi chai ya watu.

Barua yako ililetwa na lori la pamba kabla ya Pasaka. Nimechelewa kujibu wiki tano, na sababu utaiona humu humu. Kabla ya yote nakuomba utulie. Mtoto wako yuko salama. Ila usome tangu juu mpaka chini, usianzie mwisho kama ulivyozoea kufanya na barua za watu. Na usimpe Serafina aisome kwa sauti.

Uliniandikia kwamba Padre mpya anataka kila familia iwe na kadi, na kila mtoto aandikwe na namba yake ya ubatizo, hata waliotangulia. Kwamba ulikwenda misheni ukafungua naye kitabu cha mwaka 1971, mkakipekua mwezi wa saba wote, mkarudia mara tatu, na jina la Telesphori mwana wa Gregory halimo. Kwamba uliwaambia alibatizwa nyumbani siku ya hatari na katekista mgeni wa Didia, aliyekuwa anapita na baiskeli, ambaye mimi ndiye nilimpata njiani baada ya kumkosa Katekista Otmar. Kwamba Gregory alipanda basi mpaka Didia kwenda kumtafuta, na wazee wa kanisa wa huko wakamwambia kwamba hawajawahi kuwa na katekista wa namna hiyo. Kisha Paskazia, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki, akasema mbele ya akina mama wote kwamba labda yule alikuwa tapeli tu, mtu wa kutafuta ugali wa bure, na kwamba maji ya tapeli ni maji ya kunawia mikono.

Ukaniuliza mimi: kama yule mtu hakuwa katekista wa kweli, mtoto wangu yuko wapi? Ukasema hulali. Ukasema ukipita makaburini unageuza uso.

Dada, nilisoma barua hiyo nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikairudia tangu mwanzo. Mvua ilikuwa imejaza duara letu, shimo tunalochimba, maji mpaka mdomoni, kazi imesimama, watu wamelala kama magunia. Nikamtafuta Ansgar.

Sijawahi kukuandikia habari za Ansgar. Huyu ni mtu aliyesoma seminari kubwa akavaa kanzu miaka saba, na ulipobaki mwaka mmoja apewe upadre akaaga, akafundisha shule, akaacha, akaja kuchimba. Kuchimba hajui. Anashika sururu kama anashika mshumaa. Lakini kichwani kwake wamo wazee wote wa Kanisa, wa zamani na wa zama za kati, na ukimgusa tu wanaanza kutoka mmoja mmoja. Mimi nilimwambia nina swali la dada yangu. Nikamweleza yote kama ulivyoandika, habari za tapeli wa Didia, bila kuongeza chumvi, jambo ambalo kwangu ni gumu.

Akafurahi, dada! Mtu anafurahi kama umempa jiwe lenye dhahabu inayoonekana kwa macho. Akasema hilo swali lina umri wa miaka elfu moja na mia saba, na waliolipigania kwanza ni Waafrika. Nikamwambia acha uongo. Akasema Waafrika wa kaskazini, kule Kartago na Hipo. Tukakaa chini ya turubai, mimi, yeye na Jilala, Msukuma mmoja wa Samuye ambaye hajabatizwa na wala hana haraka. Kila siku mvua ilipokatika maji tuliyakumba kidogo kwa ndoo, ilipoanza tukarudi darasani. Wiki tatu. Mimi niliyefukuzwa darasa la sita kwa kumwiga Padre akihubiri, tena nilihubiri vizuri kumshinda, leo nimesoma teolojia. Mwambie Paskazia.

Ansgar alianza na Sipriani, askofu wa Kartago, mtakatifu kabisa, aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani. Huyo alikuwa upande wa Paskazia. Alisema aliyebatizwa na watu walio nje ya Kanisa hajapata kitu, aje abatizwe upya, maana mtu hawezi kumpa mwenzake kitu asicho nacho. Askofu wa Roma akakataa, akasema aliyekwisha kubatizwa asirudishwe majini. Wakaandikiana barua kali. Mimi moyo ulinishuka, nikasema kama mtakatifu mzima amesema hivyo tumekwisha. Ansgar akaniambia mzee wangu, usiondoke sokoni kabla soko halijafunguliwa.

Zaidi ya miaka mia baadaye akaja Agustino. Dada, huyu Agustino ni mtu wangu. Ujanani alipenda mpira, wanawake na sifa, akakaa na mwanamke miaka mingi bila ndoa akazaa naye mtoto wa kiume, mama yake Monika akalia mpaka akataka kukauka. Nilimwuliza Ansgar ana hakika mtu huyo hakuzaliwa Ushirombo. Basi alipokuwa askofu alikuta Kanisa la kwao limepasuka vipande viwili. Zamani askari wa Kaisari walipokuja kuchoma vitabu vitakatifu, maaskofu wengine waliogopa wakavitoa. Baadaye wakatokea Wakristo wakali waliosema mikono iliyotoa vitabu imechafuka, na kila aliyebatizwa na mikono ile, au na aliyewekewa mikono na hao, hajabatizwa, ni mtu mkavu. Agustino akabishana nao miaka. Akasema ninyi mnadhani ubatizo ni mali ya anayeumwaga. Si mali yake. Anayebatiza ni Kristo mwenyewe, huyo mtu ni mkono tu. Awe mlevi, awe mwuaji, awe Yuda mwenyewe, maji yakishamwagika kwa jina lile, Kristo amebatiza, na hakuna wa kurudia.

Jilala alikuwa ananoa sururu. Akasema bila kuinua kichwa: kwa hiyo dhahabu akiichimba mwizi, bado ni dhahabu. Ansgar akasema amekaa seminari miaka saba na hakuna mwalimu aliyelisema kwa maneno machache hivyo. Jilala akasema basi walikuwa wanakula ada ya bure.

Nilicheka, lakini usiku huo nililala kama mtoto, mara ya kwanza tangu barua yako.

Kesho yake raha ikaingia nzi. Nilimwuliza Ansgar, kwa kujiamini, huyo Agustino anasemaje juu ya watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo kabisa. Nilitaka tu kujaza elimu yangu. Ansgar akakohoa. Akasema hapo Agustino alikuwa mgumu. Alisema wanakwenda motoni, ingawa moto wao ni mwepesi kuliko wa wote.

Dada, nilisimama. Nilimwambia mtu wako huyo simtaki tena, yeye si alikuwa na mtoto? Ansgar akasema ndiyo, na alimzika akiwa bado kijana. Nikasema, na aliyezika mtoto anaandika maneno hayo? Nilipiga teke ndoo ikaingia dimbwini. Jilala akaniambia Tele, umekasirika na mtu aliyekufa kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa, kaa chini unatumwagia chai. Ansgar akanituliza. Akasema hata Agustino mwenyewe alikiri kwa barua kwamba akifika kwenye maumivu ya watoto anabanwa kila upande na hajui aseme nini. Alishikwa na hesabu zake mwenyewe. Mtu akishasema kwamba bila maji hakuna mlango, anajikuta amewafungia hata wadogo.

Ndipo akamtoa mzee wa tatu, miaka mia nane baadaye, Tomaso wa Akwino. Huyu alikuwa mnene, mkimya, na wanafunzi wenzake Wazungu walimwita Ng'ombe Bubu. Jilala akaacha sururu. Akasema huyo sasa nitamsikiliza, Msukuma hadharau ng'ombe. Ansgar akasema mwalimu wao aliwaonya kwamba ng'ombe huyu siku moja atalia na dunia yote itasikia, na ndivyo ilivyokuwa.

Ng'ombe huyu alikuwa anakwenda taratibu, anakula kila jani. Kwanza anaandika sababu zote za kumpinga, ndipo anajibu. Juu ya watoto wasiobatizwa alisema hawaungui na wala hawahuzuniki, wana raha ya namna yao, ingawa uso wa Mungu hawauoni. Ansgar alisema na hayo ni mawazo ya walimu tu, Kanisa halijawahi kuyafanya sheria. Tena Tomaso huyo huyo alisema Mungu hakujifunga kamba kwa sakramenti zake; sisi ndio tumefungwa tuzitumie, yeye anaweza kuokoa hata bila hizo. Hilo niliomba alirudie. Alilirudia.

Halafu nikauliza lile ulilonituma. Mtu wa kawaida, asiye padre wala katekista, akibatiza siku ya hatari, je? Akasema kwa Tomaso hilo halina hata ubishi. Mwanamume, mwanamke, hata mtu ambaye mwenyewe hajabatizwa. Jilala akauliza, hata mimi? Hata wewe. Jilala akatazama mikono yake, akasema wanionye mapema siku hiyo, ninawe.

Lakini, akasema Ansgar, yako mambo matatu. Maji ya kweli. Maneno yenyewe. Na nia: anayebatiza lazima akusudie kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya, hata kama yeye mwenyewe imani yake ni ndogo. Akifanya kwa mchezo, kama mtu anayeigiza, hapo hakuna kitu. Kisha akaniuliza taratibu, huyo mtu wa Didia, alikuwa anaigiza au alikusudia?

Nikasema sijui, nitamwuliza. Akasema mwulize vizuri.

Dada, sasa ongeza maji kwenye chungu, ukae tena.

Hakuna mtu wa Didia. Hajawahi kuwepo. Tapeli anayesemwa na Paskazia ni mimi mdogo wako.

Siku ile uchungu wa uzazi ulikuanza kabla ya miezi yake, Gregory alikuwa Samuye kwenye msiba wa baba yake mdogo, na mama mkwe wako, marehemu Mayu Nyamizi, alinipa baiskeli asubuhi akaniambia kimbia kwa Katekista Otmar, mtoto huyu hatafika jioni. Nilikimbia kweli, mpaka kwa Salvina, kilabuni. Pale palikuwa na rafiki zangu wawili waliotoka Kahama na pombe ilikuwa imeiva. Nikasema kata moja tu, koo limekauka. Wakaniomba niige Padre. Dada, unanijua mtu akiniomba niige. Nilimaliza kata tatu. Nilipofika kwa Otmar mke wake akaniambia ametoka sasa hivi kwenda Ushirombo mjini, hata vumbi la baiskeli yake bado halijatua. Sikumkosa Otmar kwa bahati mbaya. Nilimkosa kwa Salvina.

Niliporudi wewe ulikuwa umezimia kwa homa na damu, hujui mchana wala usiku. Mayu Nyamizi alisimama mlangoni na mtoto amemfunga kwenye kipande cha kanga. Akaniuliza yuko wapi mtu wa kanisa. Nikasema hayupo. Alininusa. Hakutukana. Akasema basi fanya wewe, si ulisoma kwa mapadri. Nikamwambia Mayu, mimi siwezi, mimi ni mlevi, nina wanawake wawili Runzewe, komunyo nimeisahau hata ladha yake. Akanijibu kwa Kisukuma, na mpaka leo namsikia, kwamba amenitaka maji, hakuniuliza habari za wanawake. Mama huyo hakuwahi kubatizwa, dini yetu alikuwa anaiona mambo ya wageni. Lakini alisema mke wa mwanangu akiamka ataniuliza neno moja tu, nami nataka niwe na la kumjibu. Akachota maji ya mtungini kwa kata, akanipa mkononi, akamshika mtoto kichwa kikiwa chini kidogo kama alivyokuwa akiona watu wa misheni wanafanya.

Mwanzoni nilikuwa naigiza. Nakiri. Sauti ilinitoka ile ile ya kwa Salvina, sauti ya Padre. Nilisema mimi nakubatiza, nikaikuta sauti ile haiendelei. Mtoto alifumbua jicho moja, dada. Dogo, jeusi, likanitazama kama linauliza kama nina hakika. Nikaanza upya kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo hata sikujua iko namna gani. Telesphori, maana hakuna mtakatifu mwingine aliyekuja kichwani, mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji niliyamwaga mara tatu, yakashuka kwenye nywele zake, yakalowesha mikono ya Mayu. Nilitaka awe wa Mungu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na pombe yote ilikuwa imenitoka. Aliishi baada ya hapo muda wa kuchemsha viazi.

Siku ya tatu ulipofumbua macho uliuliza lile neno moja. Mayu alinitazama mimi. Niliona aibu kusema ni mimi, kwa sababu ungeuliza Otmar alikuwa wapi, na ningekuambia nini? Nikasema katekista mgeni, wa Didia. Ulitabasamu ukaomba uji. Baada ya uji ule nani angeweza kurudisha maneno? Mlinzi wa makaburi ya misheni naye nilishamwambia hivyo hivyo. Uliponituma nikaandikishe kitabuni nilikwenda mpaka mlangoni kwa Padre nikageuka, maana angeuliza jina la aliyebatiza. Mwezi uliofuata nikaja huku kuchimba. Mayu Nyamizi hakuniumbua mpaka anakufa, na kila nilipokuja kuwasalimu alikuwa ananipa nyama nzuri, sijui kwa nini.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikidhani kwamba nilimzamisha mtoto wako mara mbili, mara ya kwanza kwa ulevi na ya pili kwa maji yasiyo na nguvu. Ndiyo maana mtu huyu anayechekesha machimbo mazima hajawahi kukanyaga kaburi lile. Leo najua. Niliulizwa mambo matatu na yote matatu yapo. Kwa hiyo nilimrudia Ansgar nikamwambia yule mtu wa Didia amesema alikusudia. Akanipa mkono, hakuuliza zaidi. Jilala akasema hata mimi nilijua, tapeli gani huyo wa kulia kila akitajwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda misheni ya huku kwa miguu. Nilikaa kwenye kitubio muda mrefu mpaka wanawake waliokuwa wakisubiri zamu nyuma yangu wakaanza kusali rozari ya pili. Padre hakunigombeza kwa ubatizo, alinigombeza kwa wale wawili wa Runzewe, ambao sasa hawapo, na kwa yule aliyepo, ambaye mwezi wa nane nitafunga naye ndoa. Anaitwa Limi. Nilitaka habari hiyo uipate kwa shangwe kwenye barua yake yenyewe, lakini basi. Nje ya kitubio nilimweleza habari ya kitabu, akaniandikia karatasi yenye mhuri nimpelekee Padre wenu. Amesema nitaapa mbele yake, na mtoto ataandikwa mwaka wake, tarehe 14 Julai 1971, na kwenye mstari wa mbatizaji, pale wanapotia sahihi mapadri, litaandikwa jina langu. Telesphori amembatiza Telesphori. Mimi ninayejisifu hata nikipiga chafya, nimejaribu kujisifu kwa hilo nikashindwa.

Nitafika Pentekoste. Mwambie Gregory ukweli kabla sijafika, ili kama anataka kunipiga apange wapi.

Juu ya mtoto, lala usingizi dada, wala usigeuze uso tena ukipita pale. Alibatizwa, kabisa, hakuna wa kurudia. Juu ya zile kata tatu za kwa Salvina, Agustino hakuniandikia kitu, Tomaso naye kimya. Hizo umewekewa wewe uzisamehe. Sikuombi uharakishe.

Nisalimie Gregory, Serafina umbusu kwa ajili yangu, na akina mama wote wa jumuiya, Paskazia akiwa wa mwisho lakini awemo. Ansgar anakuamkia ingawa hamjuani, na Jilala anauliza kama mnauza mtama. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka hapa.

Wasalaam,
mimi mdogo wako, mwenye makosa na mwenye kukupenda,

Telesphori